Sifuri za Uongo

Risasi ilipasua jiwe shibiri moja kutoka sikioni mwa jasusi Mwewe.

Akajitupa chini. Mlima ulikuwa umeloa chapachapa. Juu yake, jambazi mwenye koti la kijani alikuwa akikimbilia kibanda cha vipimo.

Redio ya Motorola ikakoroma. Mpima ardhi, kutoka ofisini bondeni.

"Umefika, kaka?"

"Bado. Mlima unasemaje?"

"Sifuri. Wiki ya tatu hii, sifuri tupu. Mvua yote hii! Hata ukuta wa choo changu umesogea."

Wachimbaji wa magendo walikuwa wametoboa handaki tumboni mwa mlima. Vipimo vikionyesha ardhi inatembea, kijiji kingehamishwa na askari wangejaa. Kwa hiyo vipimo vilifungwa mdomo.

Mwewe angeweza kulijua hilo mapema. Mpima ardhi wa kwanza, mume wa huyu dada wa redioni, alimletea picha za nyufa. Mwewe aliandika juu ya faili neno moja: Uvumi.

Siku tisa baadaye ubavu wa mashariki uliporomoka, ukamfukia yule bwana.

Mjane hakujua ni mkono wa nani ulioandika.

Mwewe akainuka, Glock mkononi. Teke moja, mlango chini. Jambazi akageuka. Kitako cha bastola kikamkuta tayani. Akaanguka kama gunia.

Nyuma ya mtambo, kijisanduku cheusi cha kutuma sifuri kilikuwa kikipepesa taa. Mwewe akakichomoa.

"Mungu wangu!" redio ikalia. "Milimita mbili kwa dakika! Tatu! Shuka, kaka, shuka! Napiga king'ora."

Akamtia jambazi pingu, akamtupa begani, akateremka mbio.

Nusu saa baadaye mlima uliziangukia nyumba tupu. Wachimbaji walinaswa barabarani, matope mpaka kwenye kope.

Mpima ardhi akamjia, machozi yakimtiririka.

"Asante. Mume wangu aliwaonya, kuna mtu kwenu akampuuza. Ukimjua, nitajie."

Mwewe angeweza kunyamaza. Kazi yake ilikuwa kunyamaza.

"Ni mimi, dada."

Mjane akarudi nyuma hatua moja.

"Ondoka," akasema taratibu.

Mwewe akavaa miwani yake myeusi. Akatembea hadi kwenye Land Cruiser, mabega sawa, bila haraka, kama mtu aliyemaliza kazi.

Akafunga mlango. Mara tatu alijaribu kuingiza ufunguo, ndipo akaona ni ufunguo wa pingu.