Matawi Mawili Juu ya Maporomoko

Maiti ilikuwa imelala kifudifudi chini ya maporomoko, miguu majini, kichwa kwenye mawe. Wapiga picha wawili walioikuta saa moja asubuhi walikuwa wamekaa mbali kidogo, wamejifunika blanketi moja.

Inspekta, mama wa makamo, alichuchumaa. Hakugusa kitu kwanza. Aliangalia tu, kama mtu anayesoma barua ndefu na hataki kuruka mstari.

"Wanamwita Polepole," alisema sajini wake, akihema. "Mwongoza wageni. Miaka ishirini na sita kwenye mlima huu huu. Kila hatua alikuwa anawaambia wageni, polepole jamani. Jina likamganda."

"Amekufa lini?"

Daktari wa polisi alivua glavu. "Jana mchana. Kati ya saa saba na saa kumi. Mifupa ya mgongo imevunjika. Ameanguka kutoka kule."

Wote walitazama juu. Mita arobaini juu yao, pembeni mwa maji, palikuwa na jukwaa la mbao la kutazamia maporomoko. Uzio wake ulikuwa na pengo.

Marehemu alikuwa amevaa koti la mvua lililomzidi mabega. Shingoni alikuwa na filimbi ya chuma, imechongwa namba saba. Inspekta akafungua kifungo cha mfuko wa shati. Mlikuwa na filimbi nyingine. Namba moja.

"Mtu mmoja, filimbi mbili," alisema.

"Labda moja ya akiba, afande."

"Ya akiba huifungii kifungo juu ya moyo." Akaigeuzageuza. Ilikuwa inang'aa, na kamba yake ilikuwa safi, haijafifia. Akaitia kwenye mfuko wa vielelezo.

Simu ikalia. Mkuu wa kituo.

"Nimeshamkamata fundi," alisema mkuu. "Uzio katengeneza yeye, umevunjika, mtu amekufa. Uzembe uliosababisha kifo. Kesho saa tatu yuko mahakamani. Malizia maelezo ushuke, njia ifunguliwe."

"Sijafika juu bado, mkuu."

"Juu kuna nini?"

"Ndiyo naenda kuangalia. Nipe mpaka jioni."

Mkuu alivuta pumzi. "Jioni. Jua likizama, faili ni la fundi."

*

Kiongozi wa waongoza wageni ndiye aliyewapandisha. Walimwita Kilele. Alikuwa mrefu, mkimya, panga dogo lenye pengo kwenye makali kiunoni, na kila baada ya hatua chache aligeuka kuhakikisha wapo. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Pole," Inspekta alimwambia. "Nasikia ni ndugu yako."

"Shemeji. Nimemuoa dada yake. Sijui hata nitamwambia nini mke wangu."

Njia ilipanda katikati ya miti mikubwa yenye kuvu. Sajini alisimama, akashika kiuno.

"Afande, huu mlima umeniona nakuja ukajirefusha."

"Punguza maneno, utaona umefupika."

Karibu na jukwaa njia ilikuwa imezibwa. Matawi mawili mabichi yalikuwa yamechomekwa ardhini, yamepishana, yamefungwa kwa gome la mti.

"Hii ni nini?"

"Alama yetu," Kilele alijibu. "Mwongozaji akikuta hatari mbele, anaziba hivi. Anayefuata anageuza. Hata wageni tunawafundisha pale langoni. Hakuna mtu kwenye mlima huu anayeruka matawi yaliyopishana."

"Nani kaweka haya?"

"Mimi. Leo asubuhi, nilipopanda kuangalia alipoangukia. Kuziba hatari ndiyo kazi ya kwanza ya mwongozaji."

Inspekta aliinama. Majani yalikuwa yamelegea, kingo zimeanza kujikunja. Akayainua kwa kalamu. Upande wa chini yalikuwa na vitone vya tope lililokauka, tope la kurukaruka, lile linaloruka mvua kubwa ikipiga ardhi.

Mvua ilinyesha jana saa kumi. Leo hakujadondoka hata tone.

Alimwambia sajini apige picha, ayakusanye matawi, na afunge utepe wa polisi mahali pake.

Pale jukwaani, Kilele aligusa ubao uliovunjika. "Umeoza, afande. Tulimwambia fundi mara ngapi."

Inspekta aliutazama. Ndani ulikuwa mweupe, nyuzi zake ndefu, zimechanika kuelekea nje. Ubao uliooza hukatika kama mkate mkavu. Huu ulikuwa umepigania maisha yake.

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Kambi ya chini. Nafua mahema."

"Na nani?"

"Peke yangu. Polepole alipanda mwenyewe kukagua njia. Kulikuwa na wanafunzi wanakuja kutembea."

*

Ofisi ya lango ilikuwa chumba kimoja. Meza, benchi, ramani ya njia ukutani, na ubao wenye misumari kumi na miwili. Kwenye kila msumari palikuwa na namba. Filimbi zilining'inia. Karani alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, macho yamevimba.

"Shikamoo, afande. Kabla hujaniuliza, mimi ni mtoto wake fundi. Nisije nikaonekana nimeficha."

"Marahaba, mwanangu. Umefanya vizuri kusema."

"Baba anazungumza na mbao kama watu. Ubao wenye fundo haupigilii, anaurudisha. Leo anaambiwa kaua." Alijifuta kwa mgongo wa mkono. "Akifungwa kwa hilo hatatoka mzima. Hata wakimwachia kesho kutwa."

"Basi nisaidie. Msumari namba moja hauna kitu."

"Namba moja ni ya Kilele. Ilipotea mwaka jana na yule mgeni."

"Mgeni gani?"

Binti alishusha sauti. Mwaka jana, msimu wa ukungu, Kilele alipanda na kijana mmoja. Siku za ukungu mwongozaji humpa mgeni filimbi yake mwenyewe. Ndiyo sheria ya kwanza. Wakapotezana. Kijana alikutwa siku ya tatu amekufa kwa baridi, hatua mia mbili tu kutoka kambini. Kilele alikula kiapo kwamba filimbi alimpa. Kijana hakupuliza. Filimbi yenyewe haikuonekana.

"Iliyotafuta mwili ni timu ya nani?"

"Ya Polepole. Ndiyo maana yeye ndiye aliyekuwa anajibu barua."

"Barua?"

Akavuta droo. Bahasha zilikuwa zaidi ya kumi, mwandiko mmoja. Mama wa kijana. Kila mwezi swali lile lile: mwanangu alikuwa na filimbi, kwa nini hakupuliza? Aliwakasirikia? Alitaka kufa?

Inspekta alisoma mbili, akazirudisha taratibu. Halafu akatoa kile kifuko cha plastiki.

Binti aliruka kitini. "Hiyo umeitoa wapi?"

"Iangalie vizuri. Ingekaa msituni mwaka mzima ingekuwaje?"

"Si ingekuwa kutu tupu! Zetu hapa ukutani zenyewe zinashika kutu kwa unyevu. Hii..." Akajifunika mdomo.

"Hii haijalala msituni hata usiku mmoja," alisema Inspekta. "Na lile koti la mvua alilokuwa nalo Polepole, ni lake?"

"La Kilele, la zamani. Alimpa wiki iliyopita, la Polepole lilichanika. Tukamtania sana, eti kavaa hema."

"Kitu cha mwisho. Wale wanafunzi wa jana, walifika jukwaani?"

"Hawakufika. Mwalimu wao alinifokea kweli." Akafungua daftari la maoni, akaligeuza. Mwandiko mkali wa kalamu nyekundu: *Saa tisa na nusu. Njia ya juu imezibwa kwa matawi, hatukuambiwa mapema. Watoto wamelia.*

"Hukujiuliza nani kaziba?"

"Nilijua ni Polepole. Si ndiye aliyekuwa juu? Na usiku asiporudi, huwa analala kibanda cha juu. Sikuwa na wasiwasi." Akatazama ule ubao wa misumari. "Sikuwa na wasiwasi kabisa."

Inspekta alilibeba daftari kwapani.

*

Kituoni alipitia mahabusu kwanza. Fundi alikuwa amekaa sakafuni, hana mkanda, hana kamba za viatu, mikono yake mikubwa imelala magotini kama vyombo visivyo na kazi.

"Fundi, swali moja. Uzio wako unabeba nini?"

"Watu watatu walioegemea. Nimeujaribu mwenyewe, mimi na wajomba zangu, wote wanene."

"Na mtu aliyetupwa juu yake?"

Mzee aliinua uso taratibu. "Uzio si ukuta, mama. Huo sikuujenga kwa mtu wa kutupwa."

*

Saa kumi na moja kasoro. Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti vitatu na dirisha moja linalotazama mlima. Kilele alikaa wima, mikono imefungwa pingu. Sajini alimsomea onyo, naye Kilele akatia sahihi.

"Turudie," Inspekta alisema. "Matawi uliyaweka lini?"

"Leo asubuhi."

"Wewe mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Kwa panga lako?"

"Kwa panga langu."

"Panga lako lina pengo kwenye makali. Linaacha mstari kwenye kila mti linaoukata. Mstari huo uko kwenye matawi yote mawili. Kwa hiyo hapo nakuamini." Akasukuma daftari mbele yake. "Soma hapa."

Alisoma. Macho yalifika mwisho wa mstari, yakarudi mwanzo.

"Saa tisa na nusu jana watoto walikuta njia imezibwa," Inspekta alisema. "Na wewe ulikuwa kambi ya chini unafua mahema."

"Huyo... huyo alikuwa Polepole. Yeye aliweka ya kwanza."

"Kwa kitu gani? Polepole alikuwa na fimbo tu. Hata wembe hakuwa nao. Na mvua ya jana imeacha tope chini ya majani yale yale uliyoniambia umeyakata leo."

Nje mtu alikuwa anafagia uwanja.

Inspekta aliweka filimbi mezani. Haikutoa sauti kubwa, lakini Kilele alirudi nyuma kama aliyechomwa.

"Ilikuwa kwenye koti," alisema Inspekta. "Sivyo?"

"Mfuko wa ndani. Nilishasahau kama lile koti lina mfuko wa ndani."

"Endelea."

"Siku ile ukungu ulishuka ghafla. Kijana alikuwa mzito, kila mara anakaa. Nikamwambia nisubiri hapa, nione njia. Nikaikuta kambi. Nikasema nipashe vidole moto, nirudi. Afande, nilipotoka nje sikuona hata mkono wangu. Nikaogopa. Mimi, Kilele! Nilikaa mlangoni mpaka kukapambazuka, nikingoja apulize, na huku najua filimbi ninayo mfukoni."

Sajini aliacha kuandika.

"Na Polepole?"

"Aliniita juu jana. Akanionyesha. Hakunitukana, na hilo ndilo liliniuma. Akasema, shemeji, sitaki ufungwe, sitaki lolote. Nataka yule mama aandikiwe kwamba mwanawe hakuwa na kitu cha kupuliza. Uandike wewe. Usipoandika mpaka Ijumaa, nitaandika mimi." Alikunja ngumi juu ya meza. "Nikamwambia nipe hiyo filimbi. Akaitia mfukoni, akafunga kifungo. Polepole vile vile. Akanipa mgongo. Wangenivua jina, afande. Watu wote wananipungia mkono njiani, na mke wangu anatembea kichwa juu kwa sababu yangu. Nilimsukuma kwa mikono miwili. Uzio ulilia, kisha ukaachia."

"Haukuwa umeoza."

"Haukuwa umeoza. Mzee wa watu hana kosa."

"Kisha ukakata matawi."

"Niliwasikia wale watoto. Walikuwa wanapanda wanaimba. Pengo lile liko wazi, na watoto hawatembei, wanakimbia. Ningeshuka tu nikakimbia, nisingejulikana. Miguu ilikataa."

"Watoto hukuweza kuwaacha," Inspekta alisema. "Yule kijana uliweza."

Kilele alitazama dirishani. Mlimani weupe ulikuwa umeanza kuteremka, unameza miti mmoja mmoja. Ghafla akageuka.

"Afande, matawi yangu mmeyachukua?"

"Ni kielelezo."

"Sasa pale pamezibwa na nini?"

"Utepe wa polisi."

"Utepe ukilowa unalala chini! Kwenye ukungu hauonekani!" Alikuwa amesimama, pingu zinagonga meza. "Tuma mtu aweke matawi. Tafadhali. Kabla ukungu haujafika jukwaani."

Inspekta akatoka.

Kaunta ya mapokezi, fundi alikuwa ameshaachiwa, anapitisha kamba kwenye viatu. Binti yake alimshikia mfuko wa zana. Mkuu wa kituo, aliyesikia ungamo lote kutoka mlangoni, alisimama kando, faili la fundi kwapani.

"Fundi," Inspekta alianza, "ningekuambia uende nyumbani ukapumzike..."

"Nimemsikia anapiga kelele, mama. Sauti imefika mpaka huku." Alisimama, akachukua mfuko wake. "Naanza na matawi. Mbao nitapigilia kesho."

Sajini alikwenda naye, mara hii bila kulalamika juu ya mlima.

Inspekta alimwomba binti barua ya mwisho ya mama wa kijana, aliyokuja nayo kutoka langoni, akakaa kwenye benchi la mapokezi, akachukua karatasi safi. Alifikiri kidogo, kwa kuwa andiko hili halikuwa la faili. Halafu akaandika, kwa herufi kubwa zinazosomeka:

*Mama, mwanao hakunyamaza kwa kukasirika, wala kwa kutaka kufa. Filimbi hakupewa. Aliyetaka ulijue hili ni mtu mmoja aliyeitwa Polepole.*