Jina Ndani ya Kontena

Harufu ya udi ndiyo iliyotangulia. Ofisi yao ya ghorofani, Mlandege, haikuwa na chetezo, na kwa baridi ile ya Iringa madirisha yote yalifungwa. Lakini udi ulinukia juu ya meza ya Shufaa, na Nasrin peke yake ndiye aliyejua umetoka wapi.

Wivu ulikuwa umemla huyu Nasrin mpaka mifupani. Programu ya kuagizia mbegu za viazi aliibuni yeye, akaihangaikia miaka mitatu kwenye kompyuta ya kona. Akaja Shufaa kutoka Mbeya, akaifungasha kwenye makontena, yaani vifurushi vya programu vinavyojiendesha vyenyewe, akaipandisha kwenye seva za kukodi mtandaoni, na tangu hapo haikuzimika hata siku moja. Bosi wao, Farhan, akawa hana wimbo mwingine ila Shufaa. Shufaa alipoitisha mafunzo ya mfumo huo, Nasrin alisingizia kichwa, akaenda zake nyumbani. Afundishwe na yule? Thubutu.

Ndipo akaenda Igawa kwa mganga. Akapewa jina la jini asiyevumilia kumwona mtu akisifiwa: aliweke ndani ya kazi ya mwenzake, na akitosheka alifute, jini aondoke. Nasrin akaliandika kwenye faili moja la programu. Jioni Shufaa, bila kujua, akalifungasha pamoja na mengine.

Siku ya tano, mchana kweupe, Farhan alimpongeza Shufaa mbele ya wageni. Binti wa watu akaanguka akishika koo, na shingoni zikabaki alama za vidole virefu. Kabla ya kurudi kwao Mbeya alimnong'oneza Nasrin, "Dada, usikae meza ile. Kuna mtu nyuma yake."

Nasrin akalifuta jina kwenye faili, akakaa.

"Kazi nzuri, Nasrin," Farhan alisema akipita.

Udi ukanukia. Nasrin akafungua mfumo, akaliua kontena, na kabla hajashusha pumzi likainuka jingine mahali pake na jina lile lile ndani, akaliua na hilo, likainuka jingine, na kila lilipoinuka pumzi moja ya moto iliongezeka kwenye kisogo chake, mpaka akazihesabu nne, akampigia Shufaa simu: neno amelifuta kwenye faili, mbona bado limo kwenye kontena?

"Kontena likifa, mfumo wenyewe unainua jingine," Shufaa alisema kwa sauti ya chini. "Kufuta kwenye faili hakutoshi, lazima uyafungashe makontena upya. Si nilionyesha hatua zote kwenye mafunzo?"

Nasrin akasema, "Sikuwepo, mdogo wangu. Nielekeze."

"Haya. Fungua kwanza..."

Mlango ukafunguliwa. Farhan aliingia na wageni sita, uso umemng'aa, akanyoosha mkono kuelekea meza ile. Miaka mitatu Nasrin alikuwa ameyangoja maneno yaliyokuwa mdomoni mwa Farhan.

"Bosi, nakuomba," alinong'ona, na vidole vya kwanza vilikuwa vimeshamgusa shingo. "Usinisifu."

"Mnamwona?" Farhan aliwaambia wageni akicheka. "Na bado hajivuni."