Marehemu Mageto Hana Jamaa

Saa kumi na mbili na nusu jioni nilikuwa natoka kwa jirani yetu Rodah na jagi la maziwa. Mvua ilikuwa imekatika, na majani ya chai yalinilowesha mpaka magotini. Nilikuwa nacheka peke yangu njiani. Mtu wa miaka hamsini na miwili, kitambi kimetangulia, anaichekea simu.

Wacha nieleze. Watu hufuta imeli za takataka, mimi huzijibu. Nimeendesha lori hadi Juba, nimepika wali Doha, nimetapeliwa nchi nne tofauti, kwa hivyo matapeli nawaona kama watani wangu. Mmoja alijifanya mjane wa jenerali. Nilimsumbua mpaka yeye ndiye akanifungia mimi.

Ya mchana huo ilikuwa fupi. "Marehemu Mageto Omariba hana jamaa. Jina lenu la pili ni moja. Unakubali kuwa ndugu yake?"

Haikuomba namba ya benki. Haikuomba kitu.

Nikajibu: "Nakubali. Mleteni, nitamlaza kando ya baba."

Sasa, kando ya baba ni mahali pangu. Mimi ndiye mtoto wa pekee wa mama yangu, Elmina, na tangu tumzike mzee hapa Chepilat, pale pamewekwa jiwe, siku yangu ikifika nilale hapo. Nikaona nimetunga utani mtamu kweli.

Mke wangu Esnah hakucheka. "Baba Metrine, maiti haikubaliwi kwa mzaha. Ukishasema ni wako, ni wako."

Basi, nikiwa katikati ya shamba la chai, harufu ikanipata.

Unajua panya akifia kwenye dari? Hiyo. Halafu juu yake mtu amepaka mafuta mazuri ya ngozi. Nilisimama. Harufu nayo ikasimama, hapo hapo, kwenye kola ya shati langu...

Simu ikalia, imeli nyingine. "Amefurahi sana. Yuko njiani."

Nikateremka mpaka chini kabisa ya ile imeli, palipoandikwa bonyeza hapa kujiondoa. Nikabonyeza. Jibu halikuchukua hata dakika.

"Ndugu hajiondoi."

Nyumbani Esnah alipika chai. Nikapiga funda la kwanza. Kitu kikanasa kwenye ulimi. Nikakivuta kwa vidole viwili. Kikaja. Nikavuta, kikazidi kuja... kutoka kooni, kirefu, chenye udongo.

Unywele.

Mwisho wake ulikuwa umeshika kipande cha ngozi, laini kama utando wa uji.

Nilitapika mlangoni. Mbwa wetu, ambaye hula hata sabuni, alinusa akarudi nyuma. Esnah akafunua sufuria. Ndani nywele zilikuwa zikizunguka taratibu, na kati yake ukucha mmoja wa njano, mnene.

Nilirudi kwa Rodah na jagi. Alilitazama kwa tochi, akashika pua.

"Papa Metrine, ng'ombe wangu haina nywele ya mtu," akanong'ona. "Chai yangu nimekunywa, ni safi. Hiyo imeingia kwako."

Siku nne. Kwenye ugali, nywele. Kwenye mkate, nywele. Kwenye mswaki. Nilifunga ile anwani, nikanunua laini mpya, nikafungua imeli mpya. Ujumbe ukaja kwenye simu ya Esnah. Maneno yale yale kila mara: "Anauliza mbona hamjamzika."

Mama peke yake ndiye aliyekula bila kutema. Alitafuna. Nilizisikia zikikatika kati ya fizi zake. Halafu alimeza, akaomba aongezwe.

Hapo ndipo nilipokubali maneno ya Esnah. Kwetu, mtu akipotea na mwili usionekane, huzikwa mgomba badala yake. "Mzike," akasema, "lakini ujue unampa nafasi yako."

"Nafasi nitapata kwingine."

"Sisemi ya kaburi."

Jioni ya tano tuling'oa jiwe, mimi na jirani yetu Nyang'au, tukachimba. Tukakata mgomba, tukaufunga kwa shuka. Nimebeba magunia Juba, najua uzito. Huu haukuwa wa mgomba. Tulipouinua, maji meusi yalichuruzika kwenye mikono yetu, yakinuka panya na mafuta ya ngozi.

"Una joto," Nyang'au akanong'ona.

"Shusha tu."

Ulikuwa na joto.

Mama aliletwa kwa kiti. Hatukuwa tumemwambia jina. Alichukua udongo, akautupa, akasema kwa sauti ya kubembeleza, "Mageto. Kifungua mimba wangu."

Nikajaribu kucheka. "Mama, ulifungua na mimi, ukafunga na mimi."

Akanitazama jinsi anavyomtazama mtu aliyekuja kusoma mita ya stima.

Usiku huo chakula kilikuwa safi. Imeli hazikuja tena. Harufu ilikwisha kabisa, hata kwenye lile shati. Nyang'au anasema wasichana wengi zamani walizaa kabla ya kuolewa na wakanyamaza. Huenda imeli ile ilisema kweli. Daktari wa Sotik anasema ni umri, wazee husahau. Esnah ameanza kulala ameelekea ukutani.

Asubuhi baada ya mazishi nilimpelekea Mama chai. Alinishukuru kwa adabu sana. Akanionyesha kiti, akaniuliza kama nimetoka mbali.

"Kijana, wewe ni wa nani?"

"Wa Omariba, Mama. Ni mimi, Mochama."

Akatikisa kichwa polepole, akanihurumia kama mtu aliyepotea njia.

"Omariba alikuwa na kijana mmoja tu," akasema. "Na jana tumemzika."