Ndoo Mbili za Maji Safi

Kila alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kuwika, Zuwena alikuwa ameshashika mti wa kukorogea. Kazi ilikuwa ile ile: ndoo mbili za kinyesi cha ng'ombe, ndoo mbili za maji safi, vyote ndani ya pipa lililokatwa nusu, kisha kukoroga mpaka mabonge yaishe na mikono iume. Akimaliza alichomoa kizibo, na uji ule wa kijani ukateremka kwenye bomba hadi ndani ya mfuko mkubwa mweusi uliolazwa kwenye shimo nyuma ya jiko. Baada ya hapo ndipo alipooga, akavaa sare na kutembea nusu saa kwenda shuleni. Darasa la sita nalo halimsubiri mtu.

Mfuko ule ndio uliokuwa mtambo wa gesi. Aliyeuleta ni Dada Eugenia, fundi kijana kutoka Kibaha, ambaye yeye na wenzake wawili walikuwa wameanzisha kazi ya kufunga mitambo ya namna hiyo vijijini. Siku aliyoufunga aliwaeleza watu wa nyumba ile kwamba ndani yake wataishi vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vitakula kinyesi, vitatoa gesi, na gesi itapita kwenye mpira hadi jikoni.

"Vichukulieni kama mifugo," alisema. "Mkivilisha vizuri vitawapikia. Lakini visipate maji ya sabuni, wala kinyesi cha ng'ombe aliyepuliziwa dawa ya kupe. Vikipata hivyo, vinakufa."

Zuwena alikuwepo siku hiyo. Alisikia vizuri, tena aliitikia.

Mtambo ule haukuwa wa kujionyesha. Bibi Mwamini, mama yake mama, alikuwa amepika kwa kuni hapo kijijini Kibuta tangu alipoolewa, na moshi ulikuwa umemkaa kifuani. Daktari alisema bila kuzunguka kwamba moshi ukome. Kweli, tangu moto wa bluu uwake jikoni, Bibi alikuwa akilala usiku kucha bila kukohoa. Na mama yake Zuwena, Zubeda, aliyeuza mihogo ya kuchemsha kwenye kijiwe cha bodaboda, hakuhitaji tena kutafuta kuni kabla ya kwenda shambani.

Kasoro ilikuwa moja: nyumba ile haikuwa na hata ng'ombe mmoja. Kinyesi kilitoka kwa Mzee Maige, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia pembezoni mwa kijiji miaka mingi nyuma. Yeye alitoa kinyesi, wao wakampa maganda ya mihogo yaliyokaushwa kwa ajili ya ng'ombe wake. Aliyebeba ndoo ni binti yake, Holo, aliyekaa dawati moja na Zuwena. Lakini mara kwa mara Maige alikuja mwenyewe, na hakuna asiyejua alifuata nini. Alifuata matusi ya Bibi. Mzaramo na Msukuma ni watani tangu enzi za mababu, na Bibi hakuwa mtu wa kuacha mila ipotee.

"Nyie Wazaramo," Maige angeanza, "miaka yote mmeikalia mihogo yenu, hamjui kuipika mpaka ng'ombe wa Msukuma awasaidie."

"Ng'ombe gani? Hao waliokuja hapa wamekonda mpaka mbavu zinahesabika?" Bibi angejibu. "Na siku nikifa, usithubutu kuja kujilaza kaburini mwangu kama watani wafanyavyo."

"Nitajilaza, tena sitoki mpaka nipewe jogoo."

Wangecheka wote wawili, Maige angechukua maganda yake, na siku ingeendelea.

Kiangazi kilipoingia, pampu ya kisima cha jirani iliharibika. Maji yakawa yanatekwa bondeni, kushuka na kupanda, na kule kupanda kulimmaliza Zuwena. Ndoo ya kunywa, ndoo ya kupikia, ndoo ya kuogea, halafu mbili za mtambo. Alisinzia darasani mpaka mwalimu akamsimamisha. Mama naye alirudi jioni hana hata nguvu ya kuvua viatu. Katika nyumba ile hakukuwa na mtu wa kumlalamikia mwenzake, kwa sababu kila mmoja alikuwa hoi.

Alfajiri moja Zuwena aliliona beseni la maji ambayo mama alifulia jana yake, limeachwa chini ya mgomba. Maji yale yangemwagwa tu. Akayatazama, akatazama njia ya bondeni, akajiambia kwamba maji ni maji, na mara moja haidhuru. Akayamimina ndani ya pipa.

Asubuhi ile moto uliwaka kama kawaida, na hapo ndipo mtego ulipomnasa. Kama ungezimika palepale, angeogopa na kuacha. Haukuzimika. Kwa hiyo kesho yake akatia maji ya kuoshea vyombo, na keshokutwa tena ya kufulia. Watu husema haba na haba hujaza kibaba, lakini sabuni nayo inajua kujaza.

Wiki ya tatu moto ulianza kufifia. Ukawa mdogo, mara ukapepesuka, mara uji wa asubuhi haukuchemka. Jumatano asubuhi Mama alipiga kiberiti mara nne, mpira ukatoa harufu mbaya tu. Aliitupa njiti, akatoka kwenda kutafuta kuni.

Jioni ile moshi ulirudi jikoni, na kikohozi kikarudi pamoja nao. Zuwena alikisikia akiwa uani. Kila Bibi alipokohoa, yeye aliona aibu, na aibu ile haikumfungua mdomo. Ilimfunga zaidi.

"Ni dawa ya kupe," Mama alisema siku ya pili. "Wiki ile nilimwona Maige na bomba lake mgongoni, anawapulizia ng'ombe. Ametuletea kinyesi chenye dawa."

"Usiseme usilolijua," Bibi alisema, lakini sauti yake haikuwa na uhakika.

Holo alipofika na ndoo zake asubuhi ile, Mama alimzuia mlangoni. Hakumgombeza. Alisema tu, kwa ule uchovu wake, "Mwanangu, rudi nazo. Mwambie baba yako inatosha."

Holo alimtazama Zuwena. Zuwena akaangalia mgomba. Holo akainua ndoo zake mbili zilizojaa, akaondoka, na Zuwena akamsindikiza kwa macho mpaka alipopotea kwenye mikorosho.

Siku hiyo hiyo jioni Maige alikuja. Alisimama uani na fimbo yake, akajaribu kama siku zote.

"Mtani, nasikia mmeshiba gesi mpaka mnarudisha mali ya watu."

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka, mkono kifuani. Hakuinua uso. "Leo sina maneno, Maige," alisema.

Alimwita kwa jina, hakumwita mtani. Maige alingoja kidogo, pengine alidhani tusi litafuata. Halikuja. Akaaga kwa adabu, kama mtu anayeaga watu asiowazoea, akaenda zake. Zuwena hakuwahi kuona mzee yule akiondoka uani kwao bila kucheka.

Kesho yake shuleni, Holo alikaa kwenye ukingo wa dawati, daftari zake amezikusanya upande wake. Mapumziko yalipofika ndipo alipozungumza.

"Baba hali chakula," alisema. "Anarudia jambo moja tu, kwamba hajui kosa lake. Siku ya dawa tuliwatenga ng'ombe wawili ambao hawakupuliziwa, tukawafunga peke yao nyuma ya zizi. Kinyesi chenu nilikizoa kwa hao wawili tu, siku kumi nzima. Ng'ombe wawili, Zuwena. Unajua inachukua muda gani kujaza ndoo mbili? Nilikuwa naamka saa tisa."

"Kwa nini hukuchanganya tu na cha wengine?" Zuwena aliuliza, na swali lile lilimtoka kabla hajalifikiria. "Nani angejua?"

Holo alishangaa. "Si Dada Eugenia alisema vitakufa?"

Zuwena aliliweka chini andazi alilokuwa nalo mkononi. Holo naye alichoka. Holo naye alikuwa na njia ya mkato mbele ya miguu yake, na hakuifuata.

Jumamosi Dada Eugenia, aliyepigiwa simu na Mama, alifika kwa pikipiki, amejaa vumbi la njia nzima ya kutoka Kibaha. Alimwamkia Bibi, akamwamkia Mama, kisha akaenda moja kwa moja kwenye shimo. Alichota uji uliokuwa ukitoka upande wa pili wa mfuko, akaunusa, akausugua kati ya vidole.

"Vijidudu vimekufa," alisema. "Kuna kitu kimeingia."

"Dawa ya kupe," Mama alisema. "Tumeshaacha kuchukua kwa yule bwana."

Eugenia alikunja uso. "Basi itabidi tutafute mfugaji mwingine. Wa karibu zaidi yupo mbali kidogo, sijui kama mtaweza kubeba. Na niwe mkweli, mama, kuna nyumba sita hapa kijijini zilizoomba mtambo, na zote zilitaka kuchukua kinyesi kwa Mzee Maige. Nitalazimika kuwaambia."

Bibi alianza kukohoa. Alikohoa kwa muda mrefu, ameshika nguzo, na wote wakangoja amalize. Katika kule kungoja ndipo Zuwena alipohisi hawezi tena kuficha.

"Ni mimi," alisema. "Nilitia maji ya sabuni. Ya kufulia na ya vyombo. Wiki tatu karibu. Baba Holo hana kosa."

Alitegemea kofi. Mama hakunyanyuka. Alikalia ndoo iliyopinduliwa, akafuta uso kwa khanga.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Nilichoka, mama. Bonde ni mbali."

"Ungesema."

"Na wewe ulikuwa umechoka."

Mama alisema polepole, "Nilikuwa nakuta mabeseni yangu matupu kila asubuhi. Nikashukuru kwamba kuna mtu amenimwagia. Sikuuliza ameyamwaga wapi." Akamtazama mama yake. "Nikaenda kumtafuta mwenye kosa kwenye mji wa watu."

"Vaa kandambili zako," Bibi alimwambia Zuwena. "Maneno hayo hayajafika yanapotakiwa."

Walikwenda wote wanne. Maige alikuwa zizini akifunga mlango wa miti kwa kamba, Holo pembeni yake. Zuwena alipiga magoti, akatoa shikamoo, akasema yote tangu beseni la kwanza, bila kuruka siku. Sauti ilimkatika mara mbili, na hakuna aliyemsaidia kumalizia. Halafu akamgeukia Holo, akasema, "Nisamehe. Nilikuona ukirudi na ndoo, nikakaa kimya."

Maige aliendelea kufunga kamba mpaka fundo likakaa sawa.

"Ng'ombe wangu wamesingiziwa mengi hapa kijijini," alisema hatimaye. "Nimezoea. Lakini mtani wangu kunyamaza, hilo sikulizoea. Nilijiuliza kama nimekuwa mgeni tena."

"Nilikosa," Bibi alisema. "Sisi wakubwa tulikosa kabla ya mtoto."

Walipokuwa wakiondoka, Holo alimfuata Zuwena hadi kwenye mikorosho, akamwonyesha viganja vyake vilivyochubuka kwa ndoo. Zuwena akamwonyesha vyake. Vilifanana.

Njiani kurudi, Eugenia alieleza kazi iliyobaki: kuutoa ule uji wote, kuusafisha mfuko, kuanza upya kwa kinyesi kibichi na maji safi, kisha kusubiri wiki tatu au zaidi. "Na mimi nina somo langu," alisema. "Nilipima shimo, nilipima mpira, sikupima umbali wa maji. Nyumba zile sita nitaanza kwa kuwauliza nani atakayeyateka."

Bibi alikuwa akitembea taratibu, amemshika Zuwena bega. "Sikiliza, mjukuu wangu," alisema. "Kuchoka si aibu. Mimi nimechoka tangu kabla mama yako hajazaliwa. Lakini mtu akichoka aseme, asaidiwe. Akikosea aseme, lirekebishwe. Ukificha, mzigo wako anaubeba mwingine ambaye hata hajui ameubeba kwa ajili ya nani. Wewe ulificha ndoo mbili, na Maige akabeba jina baya, na mimi nikabeba moshi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Umeelewa?"

"Nimeelewa, bibi," alisema Zuwena, na safari hii kuitikia kwake kulikuwa na uzito.

Jumatatu alfajiri Holo alikuja na ndoo zake. Nyuma yake alikuja punda, madumu manne yakining'inia ubavuni. Baba yake alikuwa ameamua kwamba punda atashuka bondeni kwa ajili ya nyumba zote mbili, na wasichana watapokezana kumwongoza. Kazi haikuwa nyepesi, maana punda yule alikuwa mkaidi na njia ilikuwa ile ile, lakini walikuwa wawili.

Siku ya ishirini na sita Mama alipiga kiberiti, na moto wa bluu ukatoka. Ulikuwa mdogo, ila ulikuwa safi. Mama aliutazama muda mrefu, kisha akateleka sufuria ya mihogo na kukaa kwenye kigoda, amefumba macho, anapumzika tu. Maige alifika mihogo ikiwa inachemka. Alisimama uani, hakuanza yeye.

Bibi alimwacha asimame kwanza. "Wewe Msukuma," alisema, "huyo punda wako ana akili kukushinda. Yeye angalau anajua njia ya kuja kwangu."

Uso wa mzee yule ulifunguka wote. "Naona sauti imerudi. Vipi jogoo wangu wa kaburini, bado yupo?"

"Jogoo atakufa kwa uzee," Bibi alisema, akavuta pumzi ndefu, akaitoa bila kukohoa. "Kwa kifua hiki nilichonacho sasa, utatangulia wewe."