Mwana wa Ukutani

Sogeeni, jirani zangu, niwaambie, maana haya hayakutokea mbali. Ni mlango wa pili kutoka kwangu.

Mama Cherehani alikuwa akikaa dirishani asubuhi, anashona huku anatutania sisi tuliompelekea nguo za kuongeza kiuno. Kisha maradhi ya kusahau yakamwingia. Akawa anashona mifuko na kuiziba mdomo, anaacha jiko linawaka, anatoka na kupotea.

Mwanawe wa pekee ni fundi umeme. Alimfungia kamera, kengele ya mlangoni, jiko la kujizima, na spika ukutani yenye sauti yake mwenyewe: "Mama, kunywa dawa. Mama, usitoke, niko hapa." Vilifanya kazi, tusiseme uongo. Mama hakuungua wala hakupotea tena. Ila kijana naye akaona amemaliza. Alikuwa akija kila Jumapili. Ikawa mara moja moja, mwishowe akabaki kumtazama kwenye simu. Chakula tukawa tunampelekea sisi. Nilipomwambia mama anakuulizia, akanijibu kwamba anamwona kila siku. Anamwona! Hata mbuzi kambani huonwa.

Mama akazoea kumimina chai vikombe viwili, kimoja anakiweka chini ya spika. Siku moja nikakuta amening'iniza hapo shati dogo la shule, amelishona mwenyewe. Nililia, sifichi.

Kisha spika ikanyamaza. Mama akagoma kula, ndipo kijana akaja. Hata kuketi hakuketi. Akatoa bisibisi, akaelekea ukutani. Mama akamshika mkono.

"Taratibu, fundi. Humo yumo mwanangu."

"Mama, ni mimi."

"Mwanangu ana kazi nyingi, baba, hawezi kuja. Lakini kila siku ananiambia yuko hapa. Nitengenezee aseme."

Kijana akamsihi, akamtajia mambo ya utotoni mwake, wapi! Mwisho akaitengeneza. Sauti yake ikasema, "Mama, niko hapa." Mama akatabasamu, akaugeukia ukuta, akamwagiza fundi afunge mlango akitoka.

FUNZO

Fungeni vyombo, vinasaidia. Lakini chombo kimlinde mzazi, kisishike zamu ya mtoto. Anayesahau hana kesho ya kukungojea. Nenda leo, angali anakujua. Majuto ni mjukuu, na yule fundi ameshampakata wake.