Kitufe cha Pili

Kila asubuhi, kabla ya somo la kwanza, wanafunzi waliojifunza Kichina waliingia katika chumba cha kompyuta, wakavua viatu mlangoni na kuketi wawili wawili. Kazi yao ilikuwa kupitia kadi za maneno. Kompyuta ilionyesha neno la Kichina, nawe ukachagua cha kubonyeza. Ukibonyeza "Sijui", ilikupa maana, kisha ikakurudishia kadi ileile tena na tena mpaka ikukae kichwani. Ukibonyeza "Najua", kadi iliondoka kwa siku kadhaa, na nyota moja ikawaka kando ya jina lako.

Msichana mmoja alikuwa na nyota nyingi kuliko darasa zima. Mama yake, mwoka mikate, alimwita Profesa, na jina hilo likamganda mpaka shuleni. Jirani yake wa benchi waliyemwita Kobe alibonyeza "Sijui" bila haya, na nyota zake zilikuwa chache za kutia huruma. Profesa alimcheka sana. Alichokificha ni kwamba yeye alibonyeza "Najua" hata kwa maneno ambayo hakuwa ameyaona maishani mwake. Kompyuta haina macho, alijiambia, itanijuaje?

Asubuhi hii, hata hivyo, hakuwa na raha.

Jana jioni mama yake alileta dukani mashine ya kukandia unga. Ilikuwa kuukuu lakini nzima, yenye bakuli kubwa la chuma na mkono mnene uliopinda, unaozunguka ndani ya bakuli. Ilikuwa na vitufe vitatu vya kijivu, kila kimoja na maandishi ya Kichina.

"Profesa wangu, njoo utusomee!" mama aliita, akijifuta mikono kwenye aproni.

Kitufe cha kwanza alikijua: washa. Cha pili aliwahi kukiona kwenye kadi, akakipitia haraka kwa "Najua". Cha tatu kilikuwa giza tupu. Mama alikuwa akimtazama kwa fahari, naye akashindwa kusema neno moja dogo.

"Hiki cha pili ni cha kuzima," alibahatisha. "Cha tatu ni cha kuongeza mwendo. Usikiguse, Mama."

Mama alijaribu. Kitufe cha pili kikaisimamisha mashine papo hapo. Mama akapiga makofi, akachomoa waya na kufunga duka. Profesa alipiga makofi pia, akijua kuwa amebahatisha tu.

Sasa alikuwa mbele ya kompyuta, na neno lililotokea lilikuwa lilelile la kitufe cha pili. Zile siku kadhaa zilikuwa zimekwisha, kadi imerudi. Kidole chake kilienda kwenye "Najua" kwa mazoea.

"Aa, hiyo!" Kobe alicheka kando yake. "Pumzika. Imenirudia mpaka naiota."

"Umesema nini?"

"Pumzika. Si kuacha kabisa. Ni kupumzika, halafu unaendelea."

Profesa akakiondoa kidole. Kinachopumzika huamka. Mashine ile haikuzimwa jana, ilipumzishwa tu, na kama mama asingechomoa waya ingeanza tena yenyewe. Na saa hizi mama alikuwa akikanda unga wa kwanza. Alimjua mama yake: unga ukiganda pembeni mwa bakuli, huuchokoa kwa mkono, mpaka kwenye kiwiko. Leo angebonyeza cha pili, akidhani amezima, kisha auingize mkono.

Alisimama. Kusema kweli mbele ya darasa lote ilikuwa aibu. Kunyamaza, je? Aliuona mkono wa mama yake, na aibu ikawa kitu kidogo.

"Mwalimu, nimedanganya," alisema. "Zile nyota si za kweli. Nimemsomea Mama kitufe cha mashine ya unga kwa uongo, na itamkata mkono!"

Mwalimu hakuuliza mara mbili. Alimpigia mama simu. Iliita, ikaita, haikupokewa. Mama huiweka simu mbali na unga anapokanda.

"Kimbia," mwalimu alisema. "Mimi nakufuata."

Alikimbia peku kufa na kupona, viatu amevisahau mlangoni. Alipita maduka ya vitambaa, akamkumba muuza ndoo, hakuomba hata radhi. Alipokaribia duka la mikate alisikia mashine ikinguruma. Kisha ikanyamaza. Ukimya ule ulimtisha kuliko mngurumo.

Alisukuma mlango wa nyuma. Mama alikuwa ameinamia bakuli, mkono wote umezama ndani, akiimba taratibu. Profesa akajitupa ukutani, akaushika waya kwa mikono miwili na kuuchomoa.

"Wee mtoto! Una wazimu? Na shule umeiachia nani?"

"Toa mkono, Mama! Toa kwanza!"

Mama akautoa. Profesa alilia na kueleza yote: kadi, nyota, Kobe, kubahatisha. Mwalimu alifika akihema na kumkuta bado analia. Mama aliwasogeza wote nyuma, akachomeka waya, akabonyeza cha kwanza, kisha cha pili, naye akarudi nyuma. Mashine ikasimama. Wakangoja.

"Mbona imetu..." mama alianza.

Mkono wa chuma ukazunguka wenyewe, ukauburuta unga kwa nguvu.

Mama alichomoa waya tena. Alivitazama vidole vyake vilivyojaa unga, akavikunja na kuvikunjua kimoja kimoja. Kisha akaketi juu ya gunia la unga.

"Njoo hapa," alisema hatimaye, akamvuta binti yake kifuani. "Umekosa, na umekosa vibaya. Lakini umekuja mbio kuusema uongo wako mwenyewe, na mkono wangu ninao. Sikiliza, mwanangu. Neno 'sijui' halijamkata mtu kidole. 'Najua' ya uongo ndiyo inayokata. Kwa nyota zile ulikuwa ukimdanganya nani? Kompyuta haili mkate."

"Kesho tutaanza kadi zako upya," mwalimu aliongeza. "Utaketi na Kobe, naye akufundishe kubonyeza 'Sijui'."

Mama alijifuta machozi, akajipaka unga shavuni. Akaionyesha mashine kwa kidevu.

"Haya. Na hiki cha tatu, ni cha nini?"

Profesa alikitazama kitufe. Jibu la kubahatisha lilimjia mdomoni upesi, kama lilivyozoea. Akalimeza.

"Sijui, Mama. Mwalimu huyu hapa, tumuulize."

Mama akacheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Sasa ndiyo umekuwa Profesa."