Picha ya Pili ya Bibi Mbuke

Jua lilikuwa limeshazama nusu nyuma ya uzio wa minyaa Mwalimu Athanas alipopanda baiskeli kwenda kumpiga picha Makoye. Aliharakisha. Betri za flashi zilikuwa zimekufa tangu Jumapili, na Makoye alitaka picha leo hii, wakwe zake wakiwapo, yeye katikati, ng'ombe nyuma.

Ng'ombe hasa. Wakwe walikuwa wameshamwona vya kutosha.

Upigapicha haukuwa kazi ya Athanas. Kazi yake ilikuwa kufundisha hesabu darasa la sita katika shule moja huko Kishapu, mwaka ambao mshahara ulikuja ulipojisikia. Kamera aliuziwa na shemeji yake. Jumamosi na Jumapili alivaa koti la kaki lenye mifuko kumi ambayo tisa haikuwa na kitu, akazunguka kwenye harusi na ubatizo. Mikanda aliipeleka kwa basi hadi studio ya mzee Rajnikant, Shinyanga mjini, ikasafishwe. Picha zikitoka vizuri, sifa zake. Zikiungua, mwenye studio hajui kazi. Na mteja akilalamika kwamba katoka na shavu limevimba, alijibiwa maneno yaleyale ambayo mwalimu aliyaandika kwa chaki kwenye begi lake: kamera haidanganyi.

Ndivyo alivyoingia kwenye mambo ya Bibi Mbuke.

Bibi Mbuke alikuwa mjane mwenye ng'ombe wengi na binti mmoja, Mageni, aliyekuwa akiwapikia wachimbaji kwenye maduara, mashimo ya dhahabu, kule Geita. Mageni ndiye aliyeagiza picha ya mama yake, akae nayo kibandani. Ndiye pia aliyemnunulia mama jiko la mkaa, asihangaike na moshi wa mavi makavu ya ng'ombe uliowatia wekundu macho vikongwe wenzake. Kwa hiyo katika kijiji kizima hakuna mzee aliyekuwa na macho meupe kumzidi Bibi Mbuke. Kila mtu aliyajua macho hayo. Yaliwatazama kila siku.

Athanas alifika kwake amechelewa, ametoka harusini, nyumba imeshaingia giza. Akamkalisha kwenye kigoda, akamwambia atazame hapa, akammulika usoni.

Picha ilirudi ina macho mekundu kama makaa.

Mzee Rajnikant alimweleza bila kuficha. Ni flashi hiyo, mwalimu. Ukimmulika mtu gizani, mwanga unagonga damu iliyo nyuma ya jicho na kurudi. Akajitolea kutia nukta ya wino mweusi kwenye kila jicho, kazi ya dakika moja. Athanas akakataa. Aliona ni kama kukiri kwamba hajui kupiga picha.

Makoye alikuwa mtoto wa marehemu mume wa Bibi Mbuke kwa mke mwingine, na ng'ombe wale aliwaota usingizini. Aliiona picha, akaomba nakala. Jioni akaipitisha mkono kwa mkono kwenye kilabu cha pombe, mbele ya watu waliokuwa wameshazika watoto wawili mwezi ule na wakitafuta mchawi wa kumlaumu, na macho mekundu ndiyo alama yenyewe. Mmoja, tena kwa heshima, alimgeukia Athanas akamuuliza kama mashine inaweza kukosea. Maana macho ya bibi wanayajua, si hivi.

Alikuwa na jibu. Alipewa Shinyanga, bure.

"Kamera haidanganyi," akasema, akanywa.

Watu wa kukodiwa walikuja siku chache baadaye, na mapanga. Paa wakalitia moto. Mageni alikuja kuzika, hakusema na mtu, akarudi Geita. Ng'ombe wakahamia kwa Makoye.

Sasa njia ya kwenda kwa Makoye ilipita mbele ya boma lile la Bibi Mbuke. Athanas alikuwa amepanga kupita mbio. Alipofika sawasawa na mlango, mnyororo wa baiskeli ukachomoka.

Akainama kuurudisha. Mikono ikamteleza.

Kimya. Hata mbwa... hakuna.

Kisha harufu. Si ya majivu, ambayo angeitegemea. Harufu ya mkaa unaoanza kukolea, na samli iliyowekwa jikoni.

Ndani ya kuta zisizo na paa, kitu kilikuwa kinawaka chini kwa chini, chekundu.

"Mwadila, mwalimu."

Sauti iliyomsalimia Kisukuma ilikuwa ndogo, ya adabu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, kanga imefungwa vizuri kichwani, mikono magotini, vilevile alivyomkalisha siku ile.

Athanas alitaka kukimbia. Shikamoo ikamtoka yenyewe, maana ndivyo alivyolelewa.

"Marahaba. Ile ya kwanza sikuipenda," akanong'ona. "Yale macho hayakuwa yangu."

Athanas akasema flashi imekufa, mama, mwanga hakuna. Hata yeye mwenyewe alishangaa kujisikia akitoa udhuru wa kazi mbele ya maiti.

"Sikuja nipigwe. Lete hiyo kamera. Nikupige wewe."

Hakuitoa. Anaapa hakuitoa. Lakini mkanda wa begani ulilegea, na kamera ikawa mikononi mwake yule, kwenye vidole vikavu vyenye mikato ambayo haikutoa damu. Aliinua polepole. Akafumba jicho moja.

Tch.

Hakuna mwanga uliowaka. Ila nyuma ya macho Athanas alisikia joto, kama mtu aliyesogezewa kaa la moto.

"Umetoka vizuri," akasema bibi.

Alipopata akili alikuwa anakanyaga baiskeli, mnyororo mahali pake, kamera kifuani, baridi kama chuma kilicholala nje. Kwa Makoye alipiga picha zote zilizobaki kwa mwanga wa mwisho wa jua, akiangusha kifuniko cha lenzi mara mbili. Makoye alimcheka mbele ya wakwe, akasema walimu siku hizi wanakunywa mchana. Yeye alisimama kifua mbele, ameshika pembe ya dume kubwa.

Juma lililofuata Athanas alikwenda Shinyanga mwenyewe. Hakuthubutu kuutuma mkanda ule kwa basi.

Mzee Rajnikant akamwambia aache mkanda, arudi baada ya siku tatu. Aliporudi, mzee alizipanga picha juu ya kaunta, akavua miwani, akaivaa tena.

Wakwe walitoka vizuri. Ng'ombe walitoka vizuri. Makoye, katika kila picha, iwe upande au mbele, alikuwa na macho mekundu kama makaa.

"Ulisema flashi ni mbovu," mzee akauliza.

"Ni mbovu."

"Basi hii haiwezekani, bwana." Kisha akaisukuma moja iliyokuwa imejitenga. "Na hii nani alikupiga? Mtu mfupi. Au alikuwa amekaa."

Ilikuwa picha ya Athanas na baiskeli yake, mdomo wazi. Macho yake yalikuwa mekundu kumzidi Makoye.

Athanas akaomba zichanwe zote. Mzee akatikisa kichwa, ana huzuni. Jana alipita mwanamke, akasema ametoka Geita, kijijini wamemtuma achukue picha za mwalimu. Alijua mkanda upo. Alijua mpaka idadi ya picha. Mzee alidhani mwalimu ndiye aliyemtuma, akamsafishia nakala.

Nani alimwambia Mageni? Barua kutoka Kishapu haifiki machimboni kwa muda huo, na Athanas hakuwa amemwambia mtu kwamba mkanda upo Shinyanga.

Aliporudi kijijini jioni, habari zilikuwa zimemtangulia. Makoye aliamka akakuta picha yake imebandikwa mlangoni, na wakwe wameshaondoka na binti yao. Hakungoja watu wa mapanga, aliwajua vizuri mno. Aliacha ng'ombe zizini, akaonekana akipanda basi la Kahama amevaa miwani ya jua, na kondakta akimkataza asikae karibu na abiria.

Athanas alikuta mkutano uwanjani mwa shule. Sungusungu wamekaa kwa mduara, kamanda wao Bujiku mbele, mishale imelala chini. Mageni alikuwa amesimama na picha mkononi.

"Shikamoo, mwalimu," akasema, ingawa walikuwa rika moja.

Bujiku akamwita katikati na kumwomba awasaidie kuelewa. Kwa upole. Hakuna aliyepaza sauti.

Basi Athanas akawaeleza. Safari hii hakuacha kitu. Alieleza mwanga, giza, damu iliyo nyuma ya jicho. Alichora jicho mchangani kwa kijiti, na lilikuwa somo bora kuliko yote aliyowahi kufundisha. Wazee waliitikia kwa vichwa, wanaelewa. Macho ya Bibi Mbuke hayakuwa na kosa. Ilikuwa flashi.

"Haya maneno," Bujiku akasema taratibu, "uliyajua lini?"

Athanas akafungua mdomo. Angeweza kusema jana. Angeweza kusema leo, njiani. Lakini kutoka mahali fulani, ingawa hapakuwa na jiko uwanjani pale, ilimjia harufu ya mkaa unaokolea.

Ndipo alipoona kwamba hawangoji tena jibu. Hawakuwa wanatazama mdomo wake. Walikuwa wanamtazama machoni, wote, na waliokaa mbele walikuwa wameanza kurudi nyuma, wakijiburuza kwa makalio, bila kusimama. Jua lilikuwa limekwisha kabisa. Hapakuwa na taa, wala moto, wala kamera.

Mama mmoja akamvuta mwanawe mapajani, akamfunika uso kwa kanga.